Fremu ya chuma au ya titani kwa safari ndefu za baiskeli? Shemeji anarudi Desemba, nimwagize ipi?

KigamboniKwaPedali (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nimekuwa nikizunguka na baiskeli ya mtumba ya alumini, safari za kulala usiku mmoja au miwili. Sasa nataka kujenga baiskeli ya kukaa nayo, ya kubeba hema, jiko, maji na chakula bila kutegemea gari. Njia niliyoipanga kwanza ni Chimala, kupanda Hamsini na Saba (ile barabara ya kona 57) mpaka Matamba, kuvuka Kitulo, kutokea Isyonje, kisha kushuka Tukuyu na kumalizia Matema. Nikitoka mzima, mwakani naitafuta Mbamba Bay kupitia Songea.

Shemeji yangu yuko Uingereza, anarudi Desemba na amekubali kunibebea fremu. Bajeti ni milioni 5 kwa fremu na foki. Gia, breki na haba (vitovu vya magurudumu) ninazo. Nimebaki na mawili: kromoli (chuma cha fremu za kisasa) au titani. Titani niliyoiona inameza karibu bajeti yote, tena bila foki. Wanaoisifia wanasema haishiki kutu, ni nyepesi na inameza mitikisiko ya barabara. Wa chuma wana jibu moja tu, kwamba chuma kinachomelewa kijiji chochote.

Nina kilo 75, naishi Kigamboni, bahari naisikia nikiwa kitandani. Wajuvi karibuni.

SpokuMoja

Chuma. Uzi ufungwe.

PwaniYote

Usifungwe kwanza. Mtu anakwambia anaisikia bahari kutoka kitandani, wewe unamwambia anunue chuma! Hapa Tanga nimeona baiskeli za chuma nzuri tu zinaliwa kwa ndani, rangi ya nje bado inang'aa. Titani ukiimwagia maji ya chumvi leo, kesho na mwaka ujao, hakuna kitu. Ile ngozi ya oksaidi inayojifunika yenyewe juu yake inazuia kila kitu. Kama hela ipo, alipe mara moja.

Fundi_wa_Gesi

Mleta uzi, nianze na hilo la "kinachomelewa kijiji chochote", maana watu wananunua fremu kwa sentensi hiyo bila kuifungua ndani kuna nini.

Foniksi, Avon na Hero zinatengenezwa popote kwa sababu bomba zake ni nene na chuma chake ni cha kawaida kabisa. Ikikatika, fundi wa mageti anaweka rodi ya umeme, anachoma, unaondoka. Kromoli ya baiskeli ya kisasa si hiyo. Ni chuma chenye kromiamu kama asilimia 1 na molibdenamu kidogo, na kwa sababu kina nguvu, bomba limepunguzwa unene pale lisipohitaji. Miishoni unakuta milimita 0.8 au 0.9, katikati 0.6 au hata pungufu. Mashine iliyotoka kuunga nondo za dirisha itatoboa hapo kabla hujamwambia fundi apunguze moto. Na kama bomba lilipitishwa kwenye joto kiwandani ili liongezwe ugumu, mfano Reynolds 725, sehemu uliyoichoma vibaya inapoteza ugumu uliolipia.

Kinachofaa ni gesi, kuunga kwa brasi au kwa fedha. Brasi inayeyuka kwenye nyuzi kama 900, za fedha nyingi ziko chini ya hapo sana, kwa hiyo bomba lenyewe haliyeyuki. Ukikwama Tukuyu au Njombe usitafute fundi wa mageti, tafuta wa friji na viyoyozi. Ana mtungi, ana mkono mwepesi, amezoea bomba nyembamba. Mwambie jambo moja: asitumie zile fimbo za shaba na fosforasi anazoungia bomba za friji. Kwenye shaba kwa shaba ni nzuri, kwenye chuma kiungo kinakuwa kikavu na kitakatika ukirudi kwenye makorongo. Aweke ya fedha au ya brasi, pamoja na dawa yake ya kusafishia.

Titani sasa. Ikiwa ya moto inavuta oksijeni na naitrojeni kutoka hewani na kugeuka kitu cha kupasuka. Lazima iungwe ndani ya gesi ya agoni, nje ya bomba na ndani ya bomba, kwa TIG (kuchomelea kwa umeme ndani ya gesi), na kila kitu kiwe safi, hata alama za vidole zifutwe. Mshono ukiwa rangi ya fedha au dhahabu hafifu, kazi imekwenda vizuri. Ukiona buluu iliyokolea, hewa iliingia. Kijivu cha unga, fremu hiyo usiipande.

Kwa hiyo chuma kinashinda kwenye kutengenezeka, ndiyo. Lakini kinashinda kwa goli moja la penalti, si zile tano mnazozitangaza.

SpokuMoja

Goli la penalti ni goli 😂

Kwale254

Salamu kutoka Diani. Nyinyi mnaisema titani kama dhahabu, na kwetu Kwale ilikuwa inachimbwa kwenye mchanga! Base Titanium walianza kusafirisha mwaka wa 2014 kupitia Likoni, wakafunga uchimbaji mwisho wa 2024. Meli na meli zimeondoka. Sasa naambiwa fremu moja ni dola elfu mbili, na mimi mwenye mchanga sina hata pedali ya titani.

Fundi_wa_Gesi

Kwale254, kilichotoka kwenu ni ilmenaiti, rutile na zikoni. Sehemu kubwa sana ya madini ya titani duniani haifikii kuwa metali, inaishia kwenye rangi nyeupe: ya ukuta, karatasi, plastiki, hata dawa ya meno. Kupata metali yenyewe ndiko kunakouma. Unaigeuza kwanza kuwa kloraidi, halafu unaipambanisha na magnesiamu ndani ya tanuru lisilo na hewa, njia ya Kroll inayotumika tangu miaka ya 1940. Inatoka kitu chenye matundu, kinayeyushwa tena kwenye ombwe, ndipo uanze kuvuta bomba. Mchanga ni rahisi. Bei inaingia kwenye umeme na subira.

DadaWaMiinuko

Habari zenu kaka zangu. Naona mnazungumzia fremu kukatika wakati kwenye safari zenye mizigo fremu si ya kwanza kukatika. Ni spoku za nyuma upande wa gia, boliti za keria, sikio la derela (kile kinachohamisha cheni kwenye gia), rimu. Mleta uzi, uliza fremu ina matundu mangapi ya boliti kabla ya kuuliza ni ya madini gani. Foki iwe na matundu matatu kila upande ili ubebe chupa kubwa au mfuko. Chini ya bomba la chini liwepo moja la chupa ya mafuta ya jiko. Kuna fremu za titani nzuri kwa macho, zimejengwa kwa ajili ya mashindano ya siku moja, hazina pa kufungia hata keria.

Halafu kutoka Isyonje kushuka Tukuyu mvua ikikukuta utajua maana ya nafasi ya tairi. Ule udongo unajaza kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Mimi siangalii fremu isiyoruhusu tairi ya inchi 2.4 na nafasi ya kidole pande zote. Vidole vyako, si vya mtoto.

Suala la uzito nalo tulipige hesabu. Wewe kilo 75. Baiskeli kilo 14. Mzigo na maji tuseme 15. Jumla 104. Fremu ya titani inakuokolea kilo 0.8 hivi ukilinganisha na kromoli nzuri, haijafika asilimia moja. Mlima wa saa mbili, umeokoa kama dakika moja. Hiyo dakika utaitumia kupiga picha kona ya thelathini.

PwaniYote

Dada hesabu yako haina kosa, ila hujagusa starehe. Titani inalainisha barabara. Nimepanda, najua.

Fundi_wa_Gesi

PwaniYote, ulipanda ikiwa na tairi gani na upepo kiasi gani? Siulizi kwa ubishi.

Fremu ya baiskeli imejengwa kwa pembetatu. Ukiikandamiza kutoka juu kwenda chini haibonyei kiasi cha makalio kuhisi, iwe chuma, iwe titani. Kinachobonyea ni tairi, kisha bomba la siti lililochomoza, siti yenyewe na mikono yako. Toa tairi ya 1.75 iliyojazwa upepo mpaka inalia, weka 2.4 yenye upepo mdogo, utadhani umebadilisha baiskeli.

Kuna jambo la kweli ndani yake. Titani ina karibu nusu ya ukakamavu wa chuma: jigapaskali 107 hivi dhidi ya 205. Bomba la kipimo kilekile litajipinda mara mbili zaidi. Ndiyo maana wajenzi wanalinenepesha. Ukiongeza kipenyo kwa robo hivi na unene wa ukuta ukabaki ule ule, ukakamavu unarudi sawa na wa chuma, na bado uzito umepungua zaidi ya robo kwa sababu titani ina gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, chuma 7.85. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na ni uzuri wa kweli. Lakini mjenzi akitaka fremu laini kwa ajili ya mtu asiyebeba kitu, anaacha bomba jembamba. Weka kilo 15 juu yake, teremka Matamba, mkia unaanza kucheza. Kwa mizigo fremu ngumu kidogo ni rafiki, ulaini utafute kwenye tairi.

RubavuNaKurudi

Naunga mkono. Nimepita Congo Nile Trail, ile njia ya kando ya Kivu toka Rubavu kwenda Rusizi, na watu walikuwa na kila aina ya fremu. Walioteseka ni wenye tairi nyembamba. Kwenye mashindano ya Race Around Rwanda wengine wanakuja na kaboni kabisa, ila wale wanabeba mswaki na koti tu, na baada ya siku chache wako hotelini. Tusijipime kwao.

Mleta uzi usisahau kuwa titani nyingi zinakuja na foki ya kaboni. Ukisema "nataka kitu kisichokufa" halafu mbele umeweka kaboni yenye mifuko miwili ya kilo mbilimbili, hapo umefanya nini? Zipo foki za kaboni zenye matundu na kikomo cha uzito kimeandikwa, kisome. Wengi wenye titani huishia kuweka foki ya chuma mbele. Baiskeli inapata kilo yake tena!

MtumbaWaHekima

Mnamzungusha mtu mwenye milioni 5 wakati sokoni kuna baiskeli za mlimani za miaka ya themanini mwishoni na tisini, kromoli, hazina shoki, matundu ya keria yapo, foki ya chuma. Tafuta kibandiko cha aina ya bomba: 4130, Tange, Reynolds, Columbus. Kibandiko kikiwa kimebanduka, chomoa bomba la siti usome kipimo. Ikiwa milimita 27.2 au karibu yake, kuna uwezekano mkubwa bomba ni jembamba na zuri. Ikiwa 25.4, ni chuma kizito cha kawaida. Gonga kwa kucha pia, bomba jembamba lina mlio.

Na hizo zinatumia tairi ya 26, mpaka kwa fundi wa kona unaipata.

KigamboniKwaPedali

Asanteni sana, uzi umekuwa darasa. MtumbaWaHekima, gurudumu zangu ni za 29 zenye breki za diski, siwezi kurudi kwenye 26. Halafu kuna mtu aliniambia 29 si tatizo, kijijini nitapata tairi ya 28 ya Foniksi, inaingia. Ni kweli?

MtumbaWaHekima

Si kweli kabisa, na huyo mtu asikupangie safari. 28 ya Foniksi inakaa kwenye rimu ya milimita 635. 29 yako inakaa kwenye 622, sawa na 700C. Milimita 13 zinatosha tairi ichomoke. Hata 26 ziko za namna mbili: ya baiskeli ya mlimani ni 559, ya zile za Kijapani za kikapu ni 590. Soma namba ndogo pembeni ya tairi, usisome zile kubwa. Kwa 29 beba tairi moja ya kukunja, tyubu mbili na kiraka cha tairi. Tyubu ya 28 ya Foniksi, hiyo sawa, itaingia ndani ya 29 ukiwa umekwama.

DadaWaMiinuko

Nirudi kwenye kutu kwa sababu mleta uzi anaishi Kigamboni na PwaniYote ana hoja. Mifuko ya fremu inasugua. Mchanga unaingia chini ya mkanda, kila tetemeko la barabara linafanya kazi ya msasa. Chuma kitapoteza rangi pale kwenye bomba la juu na pale mfuko wa usukani unapogusa, na pwani kutu itaanza hapohapo. Unabandika plastiki ngumu ya uwazi kabla ya safari ya kwanza, biashara imeisha. Titani isiyopakwa rangi ukimaliza safari unaipiga kwa sponji ya vyombo ile ya kijani, inarudi mpya. Hilo nawapa.

Fundi_wa_Gesi

Na kutu ya ndani ndiyo inayoua. Maji yanaingia kwenye mshono wa bomba la siti, yanatulia chini kwenye pedali. Kwa fremu mpya ya kromoli fanya hivi kabla hujafunga kifaa chochote: nunua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, wanauza kwenye maduka ya rangi na vifaa vya mbao. Ziba matundu kwa utepe, mimina kidogo kwenye kila bomba, geuzageuza fremu pande zote, mwaga yaliyozidi, iache siku kadhaa ikiwa imening'inia. Yanakauka na kuwa ngozi. Oili chafu ya gari wanayomimina mafundi wengi haikauki, inateremka yote chini na kukuachia bomba la juu likiwa tupu. Hakikisha tundu dogo la kutolea maji chini ya pedali lipo na halijazibwa na rangi.

Bomba la siti la alumini lipakwe grisi na lichomolewe mara kwa mara, pwani usipitishe msimu mzima. Alumini na chuma vikikutana na chumvi vinashikana kiasi kwamba unaishia kukata kwa msumeno. Na wa titani wasicheke: alumini ndani ya titani inaliwa vilevile, na boliti za titani au za chuma cha pua zikiingizwa kavu kwenye fremu ya titani zinang'ang'ania mpaka uzi wa boliti unang'oka. Zinataka grisi ya shaba.

PwaniYote

Sawa. Ila hayo yote ya kitani na plastiki na kuchomoa ni kazi ambayo mwenye titani haifanyi. Mtu mvivu kama mimi je?

Fundi_wa_Gesi

Mtu mvivu mwenye hela anunue titani. Sina ubishi hapo. Ningekuwa naishi Pemba au Lamu, nina baiskeli moja tu maishani, tairi na begi na haba vimeshalipiwa na bado dola 2,500 zimekaa, ningenunua titani iliyo na matundu yote na foki ya chuma. Mleta uzi hayuko hapo. Milioni 5 ni kama dola 1,900. Kromoli nzuri na foki yake anapata kwa dola 700 mpaka 1,000, zinabaki hela za gurudumu la nyuma lililofungwa vizuri, tairi pana na begi zisizoingiza maji. Titani ya bei yake inaanza kama 1,500 bila foki, na zile za kampuni ya Moots kule Colorado, Marekani, zinapita 4,000. Titani ya bei nafuu siitukani, kuna viwanda China vinaunga vizuri kuliko wanavyosifiwa. Ila dhamana ya mshono utaidai kwa nani ukiwa Kigamboni?

Na kodi isikae pembeni. Mzigo ukikaguliwa uwanjani, VAT peke yake ni asilimia 18, inapigwa juu ya thamani na ushuru vyote pamoja. Fremu ya dola 900 na ya 1,900 hazitoi jasho sawa pale kaunta. Shemeji awe na risiti mkononi.

Kwale254

Na ikipasuka nyufa ndogo njiani, iwe titani iwe chuma? Bila fundi yeyote karibu.

Fundi_wa_Gesi

Toboa tundu dogo, milimita 2 hivi, pale ufa unapoishia. Ncha ya ufa ndiyo inayokimbia, ukiweka duara inasimama kwa muda. Kisha funga kipande cha bati au vyuma vya kutolea tairi juu yake kwa klipu za mpira wa rejeta, kaza. Shusha mizigo ya upande huo, tembea taratibu mpaka barabara ya magari. Ufa ukiwa kwenye bomba la chini karibu na usukani, usipande. Sukuma au omba lifti. Hapo haijalishi ni madini gani.

KigamboniKwaPedali

Nimemtumia shemeji ujumbe: kromoli, foki ya chuma yenye matundu matatu kila upande, nafasi ya 29 kwa 2.4. Amejibu kuna saizi mbili zilizobaki, M na L. Nina urefu wa sentimita 176 na miguu mirefu. Fundi, DadaWaMiinuko, hapo mnasemaje?

DadaWaMiinuko

Mwambie akutumie kipimo cha bomba la juu kwa mlalo na kimo cha bomba la usukani kwa kila saizi, herufi hazina maana, kila kampuni ina M yake. Wewe pima kutoka sakafuni mpaka kwenye msamba ukiwa pekupeku, kitabu kikiwa kimebanwa juu. Kama L inakuachia walau sentimita 5 juu ya bomba ukisimama, na usukani haukufanyi ujinyooshe, chukua L. Nafasi ya begi la katikati inakuwa kubwa na chupa mbili zinaingia chini yake. Isipofika sentimita 5, chukua M na ongeza bomba la siti. Leta vipimo hapa kabla hajalipa.

KigamboniKwaPedali

Msamba ni 84. Vingine anapima kesho dukani, nitavileta.

SpokuMoja

Nilisema uzi ufungwe tangu posti ya pili. Leta picha ikifika.